Kabla ya Kusamehe Deni, Lihesabu

Wengi wanaosema "nimesamehe lakini bado inauma" si watu wenye moyo mgumu. Waliambiwa wasamehe upesi, wakatamka neno, wakaondoka na jeraha ambalo hawajawahi kulitazama.

Mfano wa Yesu katika Mathayo 18 unaanza na mfalme anayefanya hesabu na watumwa wake. Hesabu kwanza, msamaha baadaye. Mtumwa mmoja alisamehewa deni la talanta 10,000, naye akakataa kumsamehe mwenzake dinari 100. Dinari ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku, na talanta moja ilikuwa kama dinari 6,000. Mahubiri mengi huzidharau zile dinari 100, na hilo huwaumiza watu bure, kwani ni ujira wa zaidi ya miezi mitatu. Yesu hakusema kwamba uliyotendewa ni madogo. Ni deni la kweli, ila wewe umefutiwa na Mungu deni la siku milioni 60 za kazi.

Basi chukua karatasi. Andika jina la mtu, alichotenda, na alichokuondolea: fedha, heshima, usingizi, miaka. "Alinikosea" haitoshi. Andika, "Alitangaza siri yangu, na tangu hapo siwezi kumweleza mtu shida zangu." Usimtetee, wala usimwongezee asiyoyatenda. Wakiwa watu watatu, kila mmoja awe na karatasi yake, maana ukiwachanganya utamtwika mmoja mzigo wa wote. Usiogope kwamba huku ni kukosa imani. Zaburi ya 55 inamweleza Mungu waziwazi uchungu wa kusalitiwa na rafiki wa karibu.

Kisha omba ukisoma jambo moja moja: "Bwana, namdai fulani hili. Simdai tena." Usingoje kujisikia vizuri, kwa kuwa kufuta deni ni uamuzi, na hisia hufuata polepole. Marko 11:25 inaagiza tusamehe tunaposimama kusali, bila kungoja mkosaji atubu. Ukimaliza, ichane karatasi. Anayeitunza bado anadai.

Baada ya siku chache kumbukumbu itarudi, na hapa ndipo wengi hukata tamaa wakidhani msamaha wao ulikuwa bandia. Angalia ni kumbukumbu gani. Ikiwa ni jambo lile lile, mwambie Mungu tena kwamba hulidai, uendelee na kazi yako. Ikiwa ni hasara ambayo hukuiandika, kwa mfano umegundua kwamba watoto nao waliumia, hilo ni deni jingine na linahitaji karatasi yake. Petro alidhani mara saba zinatosha akajibiwa saba mara sabini, na kosa moja kubwa linaweza kumaliza nyingi kati ya hizo.

Usimwendee asiyeomba msamaha ukamwambia "nimekusamehe". Kwake hayo ni mashtaka, na mtagombana upya. Mathayo 18:15 inataka umweleze kosa lake mkiwa wawili peke yenu, si mbele ya ukoo wala kwenye kundi la simu. Akikiri, mambo ya kupatana yaanze hapo.

Kumwamini tena ni jambo jingine, na halina haraka. Ndugu zake Yusufu waliomuuza walipomjia Misri bila kumtambua, aliwajazia nafaka na kuwarudishia fedha zao maguniani, lakini hakujitambulisha. Alimzuia Simeoni, mmoja wao, kisha akaficha kikombe katika gunia la Benyamini, mdogo wao. Yuda, yule yule aliyetoa wazo la kumuuza Yusufu, alipojitoa awe mtumwa badala ya mdogo wake, ndipo Yusufu alipolia na kujitambulisha. Aliyekuibia unaweza kumsamehe leo na usimkabidhi fedha tena mpaka uone matendo yaliyobadilika.

Viongozi wa kanisa wanaomrudisha mke kwa mume anayempiga, kwa hoja kwamba "umeshamsamehe", wanakosea vibaya. Warumi 12 inakataza kisasi, na sura inayofuata inayapa mamlaka kazi ya kumwadhibu atendaye mabaya, kwa hiyo kutoa taarifa polisi hakupingani na msamaha. Mke anayepigwa asiharakishwe kusamehe. Kwanza apate mahali salama pa kulala, yeye na watoto wake, na mtu wa kumsikiliza bila kumhukumu.