Klasta ni fungu la nini?

Maswali ya wasomaji kwa Bibi Mwalimu, Mikindani

SWALI: Shikamoo Bibi Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili, kwetu Mitwero, Lindi. Muhula huu nimekutana na neno "klasta" mara tatu, na kila mara lina maana yake. Mwalimu wa kompyuta anasema ni mashine nyingi zilizounganishwa. Wa takwimu anasema ni namna ya kuzipanga data. Rafiki yangu anayesoma fizikia naye ananiambia kuna klasta za nyota, tena kuna klasta za galaksi. Ni kitu kimoja, au wameazimana neno tu?
Kijana wa Mitwero

JIBU: Marahaba mwanangu. Wameazimana neno, na kila aliyeliazima amelirudisha limepinda kidogo. Ila usiwacheke, maana mwisho wa barua hii utawakuta wote watatu wamekaa mkeka mmoja.

Tuanze na lugha yetu, kwa sababu hapa Kiswahili hakikuwa kivivu. Tuna kundi, na tuna fungu. Watu wetu wa elimu ya nyota wamezitenga kwa busara: nyota zinazoonekana pamoja machoni tu ni kundinyota, zilizokaa pamoja kwelikweli ni fungunyota. Chukua Salibu, ule msalaba wa kusini ambao kila mvuvi wa hapa Mikindani anaujua. Nyota yake ya juu, Gacrux, iko umbali wa miaka nuru 88 hivi (mwaka nuru ni umbali ambao mwanga husafiri kwa mwaka mmoja). Ile ya chini, Acrux, iko zaidi ya 300. Hazina habari moja na nyingine. Ni sawa na taa ya ngalawa iliyo hapa karibu na taa ya meli iliyo kule nje ya ghuba: wewe wa ufukweni utaapa kwamba vyombo vinafuatana.

Sasa tazama Kilimia, kile kishada cha nyota ndogo. Wazee walisema kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Huku kwetu kikianza kuchomoza jioni mwezi wa Novemba, asiyesafisha shamba ameshachelewa. Macho ya kawaida huhesabu nyota sita, wenye macho makali saba. Galileo alipoelekeza darubini yake akachora 36, na michoro hiyo ikatoka mwaka 1610. Leo zinajulikana zaidi ya 1,000, umbali wa miaka nuru kama 440.

Lakini nani alihakikisha kwamba Kilimia ni fungu, si kiini macho kama Salibu? Hapo ndipo nampenda mchungaji mmoja wa Uingereza, John Michell. Mwaka 1767 hapakuwa na mtu aliyeweza kupima umbali wa nyota hata moja. Yeye akakaa na kalamu. Akajiuliza: kama nyota zingemwagwa mbinguni ovyo, kama mchele uliopasukiwa na gunia, kuna uwezekano gani zile sita angavu za Kilimia ziangukie pamoja namna ile? Akapata kama 1 kati ya 500,000. Basi kuna kitu kinachozishika. Alijibu swali la nyota kwa hesabu ya bahati nasibu, bila kuondoka mezani. Nilifundisha fizikia miaka 31 na hicho ndicho kisa nilichokisimulia kila darasa, hata la wasiotaka.

Kinachozishika ni mvutano, yaani graviti, ule unaoangusha embe chini. Hiyo ndiyo kamba ya mafungu ya mbinguni. Mwezi wa Mei au Juni, umeme ukikatika (na sisi Mtwara hatuhitaji kuuomba ukatike), tazama kusini, juu kiasi: kuna kinyota chenye ukungu kinachoitwa Omega Centauri. Watu wa kale walikiandika kama nyota moja. Edmond Halley alikitazama mwaka 1677 akiwa kisiwa cha Saint Helena, akaona si nyota. Ni nyota kama milioni 10 zilizojikunja kama tonge, miaka nuru kama 17,000 kutoka hapa ulipo.

Na kamba hiyo ina kisa chake. Mwaka 1933 mtaalamu wa nyota Fritz Zwicky alipima mwendo wa galaksi (kila galaksi ni mji mkubwa wa nyota) katika fungu la galaksi liitwalo Coma. Akakuta zinakwenda mbio kuliko zinavyostahili: kwa uzito unaoonekana, fungu lile lilipaswa kuwa limeshasambaratika zamani. Kwa hiyo kuna uzito usioonekana unaolishika. Mpaka leo tunauita mata ya giza, na bado unatafutwa.

Haya, mashine. Mwaka 1994, kituo cha Goddard cha NASA huko Marekani, Thomas Sterling na Donald Becker walichukua kompyuta 16 za kawaida, zenye prosesa (ubongo wa kompyuta) za 486 kama zile zilizokuwa mezani kwa makarani, wakaziunganisha kwa kebo na programu za bure. Wakaupa mtambo ule jina la Beowulf. Mtandao ulikuwa mzito kwa prosesa zile, ikabidi kila mashine ipewe njia mbili za kebo badala ya moja. Kumbuka hilo, kwa sababu ndilo lililoniumbua mimi.

Shule niliyokuwa nafundisha ilipata kompyuta kuukuu, msaada. Mimi na wanafunzi wangu tukaunganisha nne kwa swichi moja ya mtandao (kisanduku cha kuunganisha kebo), tukazipa kazi ya kutafuta namba tasa zote chini ya milioni moja. Nikamwita mkuu wa shule aje aone. Kompyuta moja peke yake ilimaliza kabla ya zile nne! Mkuu akaniuliza kwa upole kama nne zikiwa nane itakuwaje. Usiku ule sikulala. Kosa lilikuwa langu: programu yangu ilimtuma mtu sokoni kununua nyanya moja moja. Kila namba ilisafiri peke yake kwenye kebo, ikajibiwa, ikaitwa nyingine. Nilipozifunga namba elfu kumi kumi kwa safari moja, nne zikaishinda moja, ingawa hazikufikisha mara nne.

Kwa nini hazikufikisha? Waulize akina mama wanaobangua korosho. Kubangua kunagawanyika: wanawake ishirini, rundo ishirini. Lakini kukaanga kunafanyika kwenye pipa moja, na pipa lisipotoa, ishirini wote wanapiga soga. Kama kazi ni ya saa kumi na saa moja ni ya pipa, hata ukileta wabanguaji elfu, chini ya saa moja hushuki. Gene Amdahl aliwaambia watu wa kompyuta jambo hilo mwaka 1967.

Kamba ya mashine, basi, ni kebo na makubaliano. Na makubaliano ndiyo magumu. Mei 2024 maji yalipokata barabara pale Somanga, sisi wa kusini hatukufa, ni barabara iliyokufa. Lakini mtu wa Dar es Salaam anayetutambua kwa mabasi tu angesema tumekwisha. Seva, yaani kompyuta zinazohudumia nyingine, nazo hufanya kosa hilo hilo. Ukiwa na seva mbili zinazotunza daftari moja la mauzo, kebo ya kati ikikatika kila moja hudhani mwenzake amekufa, kila moja hujitangaza mrithi, na kila moja huandika mauzo yake. Kebo ikirudi una madaftari mawili yanayogombana. Dawa yake kila mjumbe wa chama cha msingi anaijua: akidi. Weka seva tatu. Mtandao ukigawanyika, upande wenye mbili una wengi na unaendelea na kikao, aliyebaki peke yake ananyamaza mpaka wenzake warudi.

Sasa mwalimu wako wa takwimu, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndiko watu wanakodanganyika. Chukua korosho zilizobanguliwa, umwage mezani. Wauzaji huzipanga kwa ukubwa: W180 ndizo nene, halafu W240, halafu W320, na namba ni idadi ya korosho katika ratili moja, ndiyo maana namba kubwa ni korosho ndogo. Hakuna aliyekuambia madaraja hayo, una uzito wa kila korosho tu. Tia alama tatu za kubahatisha kwenye rula ya uzito. Kila korosho iende kwenye alama iliyo karibu nayo. Kisha kila alama ihame, ikae kwenye wastani wa korosho zake. Korosho zichague tena. Rudia mpaka hakuna inayohama. Stuart Lloyd aliiandika njia hii mwaka 1957 pale Bell Labs, maabara ya utafiti ya Marekani, ikachapishwa 1982. Wataalamu huiita k-means. Imekwisha, hiyo ndiyo yote.

Ila angalia: njia hii ukiipa mchanga wa Msimbati na kuiambia itoe mafungu matatu, itakupa matatu. Haiwezi kusema "hapa hakuna mafungu". Haina Michell ndani yake. Nyota za Kilimia zimefungwa na mvutano, seva zimefungwa na kebo. Mafungu ya takwimu yamefungwa na rula uliyoichagua wewe. Ukipima korosho kwa uzito utapata mafungu haya, ukipima kwa rangi utapata mengine kabisa, na mtu aliyekuja na ripoti hakuambii alitumia rula gani mpaka umbane.

Ule mkeka mmoja niliokuahidi ni huu. Mwaka 1982 wataalamu wa nyota John Huchra na Margaret Geller walitaka kujua galaksi zipi zimo katika mafungu. Wakatumia kanuni ambayo wewe ungeiita rafiki wa rafiki: weka kipimo cha umbali, galaksi mbili zilizo karibu kuliko kipimo hicho ni marafiki, rafiki wa rafiki yako ni wa kwenu, mnyororo ukikatika, fungu limeishia hapo. Mwaka 2005 watafiti wakatoa kazi iliyoitwa Millennium: waliunda ndani ya kompyuta ulimwengu wa kuigiza wenye chembe zaidi ya bilioni 10, wakaendesha kwenye mtambo wa huko Garching, Ujerumani, kwa prosesa 512. Ilikula saa 350,000 za prosesa. Gawanya kwa 512, kisha kwa 24, utapata siku 28 na kitu. Prosesa moja peke yake ingehitaji karibu miaka 40. Na mafungu ya mata ya giza yaliyojitokeza mle ndani walianza kuyatambua kwa kanuni ile ile ya rafiki wa rafiki. Kundi la prosesa, likitumia hesabu ya mafungu, kutafuta mafungu ya mbinguni. Mwambie rafiki yako wa fizikia.

SWALI: Bibi Mwalimu, kadi yangu ya simu ya GB 32 inaniambia imejaa wakati faili zangu nikizijumlisha hazifiki. Fundi anasema "klasta zimeliwa". Ananidanganya ili ninunue mpya?
Mwenye duka, Shangani

JIBU: Hakudanganyi, labda ana haraka tu. Hili ni klasta la nne, na ndilo maskini kuliko yote.

Umewahi kununua dagaa pale feri? Hakuna nusu fungu. Ukitaka dagaa watatu, unalipa fungu zima. Kadi nayo imekatwa mafungu ya ukubwa mmoja, tuseme kilobaiti 32. Faili yenye kilobaiti 2 inashika fungu zima, na kilobaiti 30 zilizobaki hakuna mwingine anayeruhusiwa kuzigusa. Vijipicha na vijifaili 10,000 vya kilobaiti 2 ni kilobaiti 20,000 kwa hesabu yako, lakini kadi inahesabu 320,000. Video moja kubwa haina shida hiyo, inapoteza sehemu ya fungu la mwisho tu.

Vifunge vijifaili vya zamani kwenye faili moja ya zip, uvihamishie kwenye kompyuta, uone. Kadi mpya inunue ukishindwa.

SWALI: Fundi wa mnara wa simu alikuja kijijini akasema "klasta hii yote ina shida". Sisi tunao mnara mmoja. Klasta gani?
Mvuvi, Msimbati

JIBU: Wenu na wa jirani zenu. Eneo la mtandao hukatwa vipande viitwavyo seli, na wachoraji huvichora kama pembesita, nyumba ya nyuki. Katika mitandao ya mtindo wa zamani seli mbili zinazopakana hazikutumia masafa yale yale ya mawimbi ya redio, zingepigiana kelele. Kwa hiyo masafa yote ya kampuni yaligawiwa seli kadhaa jirani, kisha mgawo ule ule ukarudiwa kwa kundi linalofuata, na linalofuata. Kundi hilo ndilo klasta. Siku hizi mafundi hulitumia kwa minara yoyote iliyo jirani inayohudumiwa pamoja, na nadhani ndivyo alivyomaanisha.

Kundi moja huweza kuwa na seli 3, 4, 7 au 12, kwa mfano. Mbona 5 haimo? Chukua kalamu, chora pembesita nyingi zilizobanana, upake rangi tano ili kila kundi lirudie sura ile ile na rangi moja ikae umbali sawa na wenzake wote sita wa karibu. Nipelekee mchoro kwa dereva wa daladala ya Mtwara, atauacha steshenari kwangu.