BMW 3 GT au sedani: je, aina zimezidi?

SWALI: Habari za kazi, fundi. Nataka kuagiza BMW kutoka Japani. Nimeona 320i sedani na 320i Gran Turismo, zote za 2014, bei zinakaribiana. Hivi kampuni hizi hazijazidisha aina za magari? Na hiyo GT, spea zake nitazipata? – Msomaji, Mwanza

JIBU: Nzuri, ndugu yangu. Wamezidisha, na naona wenyewe wameshakubali. Mercedes walipotoa CLS mwaka 2004, waliichukua E-Class wakaivalisha bodi ya paa lililoinama, na watu wakaipenda. Tangu hapo kila kampuni ikataka za kwake: BMW wakaleta X6, 5 GT, 3 GT (ndiyo hiyo 320i Gran Turismo unayoiulizia) na 4 Gran Coupe, Audi nao wakaja na A5 Sportback na A7. Leo wanapunguza. 3 GT ilikoma 2020 bila kuachiwa mrithi, na mwaka 2023 Mercedes waliziunganisha kupe (magari ya milango miwili) za C na E zikawa CLE moja.

Kwako wewe hesabu iko kwenye bodi. Chini ya boneti usihofu: injini ya N20 na giaboksi ya ZF ya gia nane ni zile zile, fundi anayeijua 320i hatababaika. Lakini taa za mbele, bampa, milango na vioo vya GT ni vyake peke yake. Milango haina fremu juu. Ukivuta kitasa, kioo hushuka kidogo ndipo mlango ufunguke, na ukifunga hupanda tena kubana mpira. Mashine ya kioo ikichoka, utasikia upepo ukivuma sikioni safari nzima. Kuna pia spoila (bawa dogo) ya nyuma inayoinuliwa na mota ukifika kilomita 110 kwa saa. Hakikisha inapanda na kushuka. Gari likigongwa ubavuni, mlango wa mtumba wa sedani hautakufaa, na wa GT unaweza kuusubiri sana.

Faida yake ni ya kweli. Umbali kati ya tairi za mbele na za nyuma umezidi wa sedani kwa sentimita 11, kwa hiyo abiria wa nyuma anakaa bila kubana magoti. Kama unasafiri na familia mara kwa mara, mimi ningechukua GT. Kama ni mizunguko ya mjini, chukua sedani.

Ila ukishawishiwa 5 GT ya 2009 hadi 2017, tulia kwanza. Jina ni 5, lakini imejengwa juu ya chesesi ya 7 Series, na nyuma inabebwa na mifuko ya hewa wakati sedani ya 5 kwa kawaida ina springi za chuma. Mfuko ukivuja, unakuta asubuhi gari limelala nyuma, na kompresa, yaani pampu ya kujaza hewa mifuko hiyo, nayo inaungua kwa kufanya kazi bila kupumzika.

Aina yoyote utakayochagua, usiagize spea kwa kutaja jina la gari. Mpe muuzaji herufi na tarakimu za mwisho za namba ya chesesi, jumla yake saba.