Kodi ya Nyumba Texas: Mwaka wa Pili Ndio Unaouma

Wengi wetu tulivutwa Texas na mambo mawili: bei ya nyumba iliyokuwa inafikika, na mshahara usiokatwa kodi ya mapato ya jimbo. Hilo la pili ndilo linalotusahaulisha kuuliza shule, zimamoto na hospitali ya umma zinaendeshwa kwa fedha za nani. Kwa sehemu kubwa ni zako wewe mwenye nyumba. Jimbo lenyewe halitozi kodi ya nyumba, katiba yake inalikataza. Ila wilaya ya shule inatoza, kaunti inatoza, jiji linatoza, hospitali ya kaunti na chuo cha jamii navyo vimo, na ukinunua kwenye mitaa mipya ya pembezoni mwa Houston, kama kule Katy, utakuta na wilaya ya maji na mifereji, ile MUD, nayo inadai fungu lake. Ukijumlisha viwango vyote, si ajabu kufikia dola mbili na nusu kwa kila dola 100 za thamani ya nyumba. Kila mwaka, hata mkopo ukiisha.

Kwa mtu aliyetoka Tanzania, ambako tangu Agosti 2021 kodi ya jengo inakatwa kidogo kidogo ukinunua umeme wa LUKU, huku ni dunia nyingine. Mimi si mwanasheria. Ni mwenye nyumba ninayesoma barua zangu hadi mwisho, na kwa sababu hiyo watu wa msikitini hunikabidhi na zao. Ninayoyaandika hapa ndiyo ninayoyarudia kila mwaka ikifika Aprili.

Nianze na linaloumiza zaidi, nyumba mpya. Texas inathamini mali kama ilivyokuwa tarehe 1 Januari. Ikiwa siku hiyo nyumba yako ilikuwa bado kiwanja chenye magugu, bili ya mwaka huo inatoka kwa thamani ya kiwanja tu. Unahamia mwezi wa sita, unalipa mkopo wako, na ndani ya malipo ya mwezi kuna kiasi ambacho benki inakiweka pembeni kwenye akaunti ya eskro ili ikulipie kodi na bima. Benki ikikadiria kwa kuangalia ile bili ya kiwanja, unaishi vizuri kabisa. Mwaka unaofuata bili inakuja ya nyumba nzima.

Tufanye hesabu. Kiwanja cha dola 50,000 kwa kiwango cha asilimia 2.5 ni kodi ya dola 1,250. Nyumba ikishasimama na kuthaminiwa dola 300,000, bila msamaha wowote, ni dola 7,500. Benki inalipa bili, inakuta eskro ina upungufu wa dola 6,250, halafu inakuandikia barua: kuanzia mwezi ujao utakuwa unalipa pengo la mwaka uliopita na kodi kamili ya mwaka huu, yote kwa pamoja. Ni nyongeza ya zaidi ya dola 1,000 kwa mwezi. Nimeona familia moja ya Wakongo, watu wa kazi mbilimbili, wakidhani wametapeliwa na benki. Hakuna aliyewatapeli. Hakuna aliyewaambia pia, na muuzaji wa nyumba ana sababu zake za kukaa kimya, maana malipo madogo ya mwaka wa kwanza ndiyo yanayouza nyumba. Kwa hiyo siku ya kusaini makaratasi waulize benki kwa maandishi: eskro hii imekadiriwa kwa thamani ya kiwanja au ya nyumba iliyokamilika? Wakikujibu kiwanja, waombe wakate zaidi tangu mwanzo, au weka tofauti hiyo kwenye akaunti yako mwenyewe na usiiguse.

Sasa msamaha. Nyumba unayoishi wewe mwenyewe, kama makazi yako makuu, inapata punguzo linaloitwa Homestead Exemption. Haliji lenyewe, lazima uombe. Fomu ni namba 50-114, inapatikana kwenye ofisi ya uthamini ya kaunti yako, hailipiwi hata senti. Ukipokea barua yenye nembo ya kutisha inayosema utume dola kadhaa ili "usajiliwe", itupe. Ni kampuni tu zinazouza fomu ya bure.

Punguzo lenyewe si dogo. Kwa kodi ya shule, ambayo mara nyingi ndiyo fungu kubwa kuliko yote, kiasi kinachoondolewa kwenye thamani kilikuwa dola 40,000, kikapandishwa hadi 100,000 mwaka 2023, na kura ya Novemba 2025 ikakifikisha 140,000. Nyumba ya dola 320,000 basi inatozwa kodi ya shule kana kwamba ni ya 180,000. Kwa kiwango cha shule cha dola moja kwa kila 100, hizo ni dola 1,400 zinazobaki mfukoni mwako, kwa fomu ambayo unaijaza maji ya chai yakiwa jikoni. Mwenye umri wa miaka 65 na zaidi, au mwenye ulemavu, anaongezewa dola 60,000 nyingine, na kodi yake ya shule inawekewa dari.

Kinachokwamisha maombi mengi ni anwani. Leseni yako ya udereva au kitambulisho cha Texas lazima kionyeshe anwani ya nyumba hiyo. Watu wanahama, leseni inabaki na anwani ya apatimenti ya zamani, maombi yanarudishwa, na barua ya kurudishwa inakaa kwenye sanduku pamoja na matangazo ya piza. Badilisha leseni kwanza. Na kama ulichelewa miaka iliyopita usikate tamaa, sheria inakubali maombi ya nyuma hadi miaka miwili tangu siku ambayo kodi ya mwaka husika ilihesabiwa kuwa imechelewa, na kama ulishalipa unarudishiwa.

Msamaha huo unaleta pia kinga ambayo wengi hawaijui: thamani inayotozwa kodi haiwezi kupanda zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka, hata soko likipaa namna gani. Kinga inaanza Januari ya mwaka unaofuata ule wa kwanza wa msamaha. Ndiyo maana namwambia mtu aombe mwaka uleule aliohamia, kuchelewa kunasogeza kila kitu mbele.

Pingamizi ndilo eneo ambalo sisi, kwa malezi yetu ya kuheshimu karatasi yenye muhuri, tunapoteza pesa. Kati ya Aprili na Mei ofisi ya uthamini inatuma taarifa: nyumba yako tunaiona ina thamani hii. Hiyo ni kauli ya upande mmoja. Una hadi tarehe 15 Mei, au siku 30 tangu taarifa itumwe, ile itakayochelewa zaidi, kusema hukubali. Hulipi chochote, huhitaji wakili, na bodi inayosikiliza pingamizi haina ruhusa ya kukuadhibu kwa kuipandisha thamani juu ya ile iliyomo kwenye rekodi walizopelekewa. Kwenye fomu ya pingamizi weka alama sehemu mbili: kwamba thamani imezidi ya soko, na kwamba haina usawa ukilinganisha na nyumba nyingine. Hiyo ya pili ndiyo silaha, kwa sababu hata kama soko kweli ni ghali, hupaswi kutozwa kwa thamani iliyo juu ya wastani wa nyumba zinazofanana na yako.

Mwaka niliopinga mimi, kinga ya asilimia 10 ilikuwa bado haijaanza kwangu, kwa hiyo kila dola iliyoshuka ilihesabika. Niliomba ushahidi wao mapema, kwani wanatakiwa kukupa siku 14 kabla ya kikao. Wakanipa orodha ya nyumba za kulinganisha. Moja ilikuwa na bwawa la kuogelea. Nyingine, nilipoitafuta kwenye tovuti yao wenyewe, ilionekana imejengwa miaka mingi baada ya yangu. Nikaenda na picha. Udongo wa Houston ni wa mfinyanzi, unavimba mvua ikinyesha na kunywea kiangazi, na msingi wa nyumba unacheza nao. Ukutani kwangu, juu ya mlango wa chumba cha mtoto, ulikuwepo ufa unaoshuka kwa mshazari kama radi. Niliupiga picha nikiwa nimeweka rula kando yake, na nikapata makadirio ya maandishi ya fundi wa misingi. Yule mthamini alikuwa kijana mpole tu. Aliutazama ufa, akaliangalia tena lile bwawa kwenye skrini yake, akasema linaondoka kwenye orodha. Tukamalizana palepale kwenye mazungumzo ya awali, kabla ya kufika kwenye bodi.

Usiende pale kulia kwamba maisha ni magumu au kodi ni kubwa. Hawana mamlaka juu ya kiwango cha kodi, na wamechoka kusikia hayo tangu asubuhi. Zungumzia thamani peke yake: paa lina umri gani, jikoni halijaguswa tangu lini, barabara ya magari mengi iko hatua ngapi kutoka dirishani. Jambo jingine: sheria ya Texas haimlazimishi mnunuzi kutangaza bei aliyonunulia. Ofisi inaweza kukutumia dodoso ikuulize, na kulijibu ni hiari. Ikiwa ulinunua kwa bei iliyo chini ya thamani yao, lete makaratasi haraka. Ikiwa ulinunua juu, nyamaza tu, usidanganye.

Na kama kinga ya asilimia 10 tayari inakufunika, soma namba mbili kwenye taarifa: ya soko na ya kutozwa. Kushusha ya soko kunakusaidia mwaka huo ikiwa tu itashuka chini ya ile ya kutozwa. Vinginevyo umeshinda kesi isiyo na pesa.

Malipo mwisho ni tarehe 31 Januari. Februari mosi unadaiwa nyongeza ya asilimia 7, na inapanda kila mwezi hadi 18 ikifika Julai, kabla ya gharama za mawakili wa ukusanyaji. Nawasemesha hasa wale walionunua taslimu ili kukwepa riba: ninyi hamna benki ya kuwalipia, na bili inayopotea posta bado ni deni. Deni hilo likikaa, nyumba huuzwa kwa mnada, Jumanne ya kwanza ya mwezi.

Nimalizie na mirathi, maana wanaume wenzangu wanasema "nyumba iko kwa jina langu" kana kwamba imekwisha. Texas, kilichochumwa ndani ya ndoa ni cha wote wawili bila kujali jina lililoandikwa, na nyumba ya makazi huwezi kuiuza bila saini ya mkeo. Ukifa bila wosia na watoto wako wote ni wa huyo mke, nusu yako inakwenda kwake. Lakini ukiwa umeacha mtoto mwingine Moshi au Bukavu, wa uhusiano wa zamani, basi nusu yako ya mali ya ndoa inakwenda kwa watoto wako wote, na mjane anabaki mmiliki mwenza na mtoto ambaye huenda hajawahi kumwona. Ana haki ya kuendelea kuishi humo maisha yake, ila kuuza au kukopea ni lazima wakubaliane. Tangu 2015 kuna hati ya kuhamisha nyumba baada ya kifo, inayosainiwa mbele ya mthibitishaji na kusajiliwa kwa karani wa kaunti ungali hai. Hii mpelekee mwanasheria, gharama yake haizidi ugomvi.

Kwa leo, fungua tovuti ya ofisi ya uthamini ya kaunti yako. Harris ni HCAD, Dallas ni DCAD, Tarrant ni TAD. Andika jina lako, rekodi ni ya umma. Tazama mstari wa misamaha. Ukikuta hauna kitu, chukua fomu 50-114.