Kadi ya waifai haitoi mtandao kwenye ruta ya kujijengea? Angalia chipu kwanza

Ndugu yangu, umesema umegeuza kikompyuta cha mtumba kuwa ruta yenye pfSense, programu ya faiawali (mlinzi wa mtandao), nyaya zote zinafanya kazi, ila kadi ya waifai uliyoichomeka haitoi mtandao wowote. Mimi nilipita huko huko nikiishi mtaa wa Umoja, Nairobi, na shida hiyo ilinila wikendi tatu. Kabla hujairudisha kadi dukani, soma haya.

Kadi kutambulika ni jambo moja, kadi kuweza kurusha waifai ni jingine. Hapo ndipo nilipokwama. pfSense na mwenzake OPNsense zimejengwa juu ya mfumo wa uendeshaji wa FreeBSD, na huko kadi nyingi zinazotoka kwenye laptopu zina draiva (programu inayoendesha kadi) ya kujiunga na waifai iliyopo tu, kama simu inavyojiunga. Kadi za Intel zimo katika kundi hilo. Ukitaka simu za nyumbani ziunganike na kadi yako, draiva lazima iwe na hali ya aksesi pointi, yaani ya kurusha waifai, ambayo FreeBSD inaiita hostap. Yangu ya kwanza niliitoa kwenye laptopu iliyokufa. Ikatambulika mara moja, nikafurahi, kumbe kwenye orodha ya hali za kazi aksesi pointi haimo. Nilisakinisha mfumo upya mara mbili nikidhani nimekosea mahali.

Fungua dirisha la amri uandike pciconf -lv. Mstari wa kadi ukianza na none0, mfumo umeiona lakini hauna draiva yake. Ukianza na ath0, hiyo ni Atheros na una matumaini makubwa. Kisha unda kiolesura cha waifai kiitwacho wlan0 juu ya kadi hiyo na uandike ifconfig wlan0 list caps, utafute neno HOSTAP. Lisipokuwepo, usipoteze usiku wako kwenye mipangilio.

Kama kadi haimo kabisa kwenye pciconf, kagua tundu. Tundu la mSATA (la diski) na la mini PCIe (la kadi kama ya waifai) yanafanana kama mapacha, kadi inaingia vizuri na wala haifanyi kazi. Kwa upande wa M.2, tundu la mashine mpya zaidi, kuna kadi za Intel za aina ya CNVi ambazo zinahitaji prosesa ya Intel inayozikubali. Kwenye mashine nyingine ni kama hujachomeka kitu. Tena baadhi ya mashine za mtumba zilizotoka maofisini bayosi yake (programu inayoamsha mashine) ina orodha ya kadi inazozikubali, nyingine inazikataa. Na ukiona kadi imetambulika lakini redio imezimwa, kwenye mini PCIe pini ya 20 ndiyo inayoizima. Wapo wanaoiziba kwa kipande chembamba cha selotepu.

Iliyonifaa ni kadi yenye chipu ya AR9280, niliyoipata barabara ya Luthuli, Nairobi, ndani ya katoni la vipuri. Muuzaji alinisifia nyingine kwa sababu ya kasi, nikamwomba anipe hii niigeuze nisome lebo. Ni ya 802.11n, inashika bendi moja tu kwa wakati, 2.4 au 5 GHz, lakini inarusha. Uwe mwangalifu na nyaya za antena. Vichwa vyake ni vidogo kama punje ya dengu: kilaze juu ya kitako chake, bonyeza wima kwa ukucha mpaka usikie kimelia tik. Ukikisukuma kwa ubavu kitako kinang'oka, na hapo kadi imekwisha.

Hata hivyo leo kadi hiyo siitumii. Nyumba yangu ni ya mawe ya Ndarugo, faiba inaingilia karibu na mlango, na boksi la ruta ni la chuma. Chumba cha nyuma watoto walikuwa wakipata mawimbi hafifu kabisa. Sasa kikompyuta kinabaki na kazi ya faiawali peke yake, na waifai inarushwa na ruta ya zamani iliyoko koridoni. Niliizima DHCP yake (huduma ya kugawa anwani), nikaipa ruta hiyo anwani nyingine kwa sababu pfSense hutumia 192.168.1.1 na ruta nyingi nazo huja na hiyo hiyo, kisha nikachomeka waya kwenye tundu lake la LAN (mtandao wa ndani), si la WAN (intaneti). Nakushauri kwa moyo wote ufanye hivyo. Stima ikipotea na kurudi, kila kimoja kinaamka chenyewe, na ukitaka waifai mpya huigusi faiawali.

Ukiona ni lazima yote yakae kwenye boksi moja, hamia OpenWrt, mfumo mwingine wa ruta. Huo uko juu ya Linux, ambako chipu nyingi zaidi zinarusha, za MediaTek zikiwemo. Lakini hata huko kadi nyingi za Intel hukataa kurusha kwenye 5 GHz.

Tuletee hapa mistari ya pciconf, picha ya lebo ya kadi na aina ya tundu uliloichomeka. Nitakuambia kama inafaa au uitafutie mteja mwenye laptopu.