Swali la mlangoni pa chumba cha eksirei

Nimepiga picha za eksirei kwa miaka 14. Leo naandika kwa ajili ya wanawake wanaoingia katika chumba chetu, na kwa wenzangu wanaowapokea, kuhusu swali moja tu: una ujauzito?

Mwaka wangu wa pili kazini alikuja dada mmoja anaumwa kiuno, ameletwa na mama mkwe wake. Foleni ilikuwa ndefu. Nilisimama mlangoni na karatasi mkononi, nikamuuliza palepale mbele ya watu, "Una mimba?" Akainamisha kichwa, akasema hana. Nikapiga picha mbili. Mwezi na siku kadhaa baadaye akarudi peke yake, kadi ya kliniki ya wajawazito ameikunja kiganjani. "Daktari, ile picha imemdhuru mtoto?" Siku ile nilipomuuliza alikuwa amepitisha siku zake kwa wiki mbili, na alijua. Ila mimba mbili zilikuwa zimeshatoka, na hakutaka mama mkwe asikie habari ya tatu mapema hivyo.

Kwenye rejesta sikuwa na kosa. Niliuliza, akajibu, nikaandika. Lakini usiku ule sikulala. Nikaanza kusoma ili nijue swali lenyewe lilitoka wapi, ndipo nikakutana na habari za Dk. Alice Stewart, daktari Mwingereza aliyegundua kwamba eksirei ya mjamzito inaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni.

Alizaliwa Sheffield, Uingereza, mwaka 1906. Baba na mama yake wote walikuwa madaktari walioshughulika sana na afya ya watoto. Alisomea udaktari Cambridge na London, na wakati wa Vita vya Pili vya Dunia akachunguza afya ya wafanyakazi wa viwanda vya silaha waliokuwa wakijaza mabomu kwa kilipuzi cha TNT. Alipochaguliwa kuwa mwanachama wa ngazi ya juu wa Chuo cha Kifalme cha Madaktari, hakuna mwanamke aliyewahi kuchaguliwa akiwa na umri mdogo kama wake. Pamoja na hayo, huko Oxford alikokuwa akifanya kazi, idara yake ilipunguzwa hadhi baada ya mkuu wake, John Ryle, kufariki mwaka 1950. Akabaki na nafasi ndogo na fedha kidogo.

Wakati huo vifo vya watoto kwa saratani ya damu vilikuwa vikiongezeka. Mtakwimu aliyefanya naye kazi, David Hewitt, aliona kwamba vimeongezeka zaidi kwa watoto wa miaka miwili hadi minne. Dk. Stewart aliwaza jambo ambalo mimi naliona ndilo kubwa kuliko yote aliyofanya. Faili la hospitali linaanza mtoto akishaugua, lakini mama anakumbuka tangu mimba. Yeye mwenyewe alikuwa mama wa watoto wawili. Kwa ruzuku ya pauni 1,000 akatengeneza dodoso, akawaomba maofisa wa afya wa wilaya na miji wakawahoji akina mama waliofiwa kati ya mwaka 1953 na 1955. Kila mama aliyefiwa alilinganishwa na mama wa eneo lilelile, mwenye mtoto hai wa umri na jinsia ileile. Waliulizwa mambo mengi, hata peremende za rangi. Na katikati ya hayo wakaulizwa kama walipigwa eksirei ya tumbo wakiwa wajawazito.

Waliofiwa walijibu ndiyo karibu mara mbili ya wale wengine. Alitoa taarifa fupi katika jarida la Lancet mwaka 1956, na mwaka 1958 akachapisha ripoti kamili yenye watoto zaidi ya 1,000.

Wengi hawakumwamini. Miaka ile eksirei ilikuwa fahari ya hospitali. Mjamzito alipigwa picha ili daktari aone mtoto amelalaje, kama ni mapacha, na kama nyonga zinatosha. Mwaka 1960 Richard Doll, mtafiti mwenye jina kubwa kumzidi, alitoa utafiti ambao haukuona tatizo hilo. Wengine walisema mama aliyefiwa hukumbuka kupita kiasi kwa sababu anatafuta chanzo cha msiba wake. Mimi naona hoja hiyo ilikuwa ya haki. Jibu lake lilitoka Marekani mwaka 1962. Brian MacMahon wa Chuo Kikuu cha Harvard aliacha kumbukumbu za mama akatumia rejesta za hospitali za uzazi, zilizoandikwa kabla mtoto yeyote hajaugua. Akakuta hatari imeongezeka kwa kama asilimia 40, pungufu ya alivyoona Dk. Stewart, lakini ipo. Mwaka 1997 Doll naye, akiandika pamoja na Richard Wakeford, alikubali kwamba mionzi hiyo huongeza saratani kwa watoto. Wakati huo Dk. Stewart alikuwa na miaka 90, na alikuwa bado hai.

Sasa nasema na wenzangu. Usiulize mlangoni. Mwingize ndani, ndugu wabaki nje, funga mlango, msalimie kwanza. Usiseme "una mimba?" Sema, "Mara ya mwisho kuona siku zako ilikuwa lini?" Mwanamke anaweza kukana mimba kwa hofu au kwa kutokujua, lakini tarehe humtoka. Iandike tarehe hiyo, usiandike "hapana" peke yake. Huenda siku moja mtu akaihitaji rejesta yako kama MacMahon alivyozihitaji zile. Akiwa amepitisha siku, apime mkojo kwanza. Mimi ni mwanaume, kwa hiyo nikiona anasita humwita nesi wa kike aulize.

Dada yangu unayesoma, nawe usiikimbie picha unayoihitaji. Ya kifua au ya mkono mionzi yake karibu haimfikii mtoto. Za tumbo, nyonga na kiuno ndizo za kujadiliana na daktari: zinaweza kungoja? Altrasaundi, ambayo haina mionzi hiyo, itatosha? Na kama ulishapigwa bila kujua, tafadhali usikimbilie kuitoa mimba. Nimewaona waliofikiria hivyo. Saratani ya utotoni ni adimu, na hata hatari ikiongezeka kiasi hicho inabaki adimu. Watoto wengi mno wa akina mama waliopigwa picha wamekua bila kuugua. Tume ya Kimataifa ya Kinga ya Mionzi inasema kiwango cha picha za kawaida si sababu ya kutoa mimba.

Hayo ndiyo niliyomweleza yule dada, baada ya kumwomba radhi kwa kumuuliza mbele ya watu. Alijifungua mtoto wa kike. Nilimuuliza ningefanyaje siku ile ili aniambie ukweli. Akasema, "Ungenivuta ndani tu."

Basi ukifika na watu wamekuzunguka, nasi tumesahau, sema: "Daktari, naomba nizungumze nawe ndani kidogo." Huhitaji kueleza zaidi ya hapo mpaka mlango ufungwe.