Mnauliza kuhusu Grenada

Grenada si mji wa Hispania? (Msomaji, Dodoma)
Huo ni Granada. Chunga herufi unapokata tiketi. Grenada ni nchi iliyo kusini mwa Karibi, huru tangu 1974. Ukijumlisha na visiwa vyake vya Carriacou na Petite Martinique, haifiki hata robo ya Unguja: kilomita za mraba 344.

Nafikaje kutoka Nairobi?
Hapo ndipo penye kazi. Utaunganisha ndege London, Toronto, Miami au New York. Ukipitia Marekani lazima uwe na viza yao, hata kama hutoki nje ya uwanja. Maliza hilo kabla hujalipia hoteli. Beba na cheti cha chanjo ya homa ya manjano.

Zaidi ya ufukwe kuna nini? (Msomaji, Tanga)
Ufukwe wa Grand Anse ni mzuri, sibishi, lakini mtu wa pwani hasafiri mbali hivyo kufuata mchanga. Nenda kwa ajili ya kungumanga. Imo hadi kwenye bendera yao. Septemba 2004 kimbunga Ivan kiliangusha sehemu kubwa ya mikungumanga, na kwa kuwa mti huo huchukua miaka kadhaa kuzaa, wakulima wengi waliegemea kakao. Pita Gouyave, mji wa wavuvi, uone kungumanga na basibasi zinavyochambuliwa kwa mkono. Nyama ya tunda lenyewe wanaitengenezea jemu. Mjini St. George's panda Fort George. Ndani ya ngome hiyo Waziri Mkuu Maurice Bishop alipigwa risasi tarehe 19 Oktoba 1983, na siku sita baadaye majeshi ya Marekani yakavamia.

Chakula chao tutakiweza?
Sana. Oil down ni shelisheli lililopikwa kwa tui na manjano mpaka tui likauke libaki mafuta. Muislamu aulize kwanza: mara nyingi hutiwa nyama ya nguruwe ya chumvi.

Niende lini, na pesa gani?
Januari hadi Mei ni kukavu. Vimbunga ni Juni hadi Novemba, na si vitisho vya redioni: Beryl iliibomoa Carriacou tarehe 1 Julai 2024. Dola moja ya Marekani ni dola 2.70 za Karibi Mashariki, kwa hiyo dereva wa teksi akikutajia bei, muulize ni dola ipi kabla hujapanda.