Ekzosi ya Datsun 240Z: pana siyo nguvu

*Shikamoo Fundi. Nina Datsun 240Z ya 1972, injini ya asili, kabureta mbili. Ekzosi imeliwa na kutu mpaka sailensa. Nimeshauriwa nifunge bomba la milimita 76 na nibadilishe manifoldi, eti gari litapata nguvu na mlio wa mashindano. Unasemaje kabla sijatoa pesa?*

Marahaba. Bomba la milimita 76 achana nalo. Injini yako ina sentimita za ujazo 2,393 tu. Milimita 57 hadi 63 zinaitosha kabisa. Ndani ya bomba pana mno moshi hupoteza kasi, na ile kasi ndiyo inayosaidia kuvuta moshi uliobaki kwenye silinda. Utaliona gari limekuwa zito pale unapolitaka liitike, ukitoka kwenye kona na gia ya tatu.

Manifoldi ya kiwandani, yaani kile chuma kinachokusanya moshi kutoka kwenye silinda, kama haina ufa mimi ningeibakiza. Ukiamua kubadilisha, tafuta ile inayokusanya silinda tatu za mbele peke yake na tatu za nyuma peke yake, kisha mabomba mawili yakutane chini. Sababu yake inanipendeza kila nikiieleza: silinda za injini hii hulipua kwa mpangilio wa 1-5-3-6-2-4, na namba 1 hadi 3 ndizo za mbele. Hesabu mwenyewe: mbele, nyuma, mbele, nyuma. Kila bomba linapata zamu yake kwa nafasi sawasawa, hakuna pumzi inayoigonga nyingine.

Ila angalia kabureta zako zilipokaa: upande uleule wa manifoldi, juu yake. Mabomba membamba ya manifoldi mpya hutoa joto kali. Ukisimama dakika kumi baada ya safari, petroli inachemka ndani ya kabureta na gari linagoma kuwaka. Lile bati la kukinga joto lirudishwe, usikubali liachwe sakafuni.

Mlio sasa. Kwa mizunguko 3,000 kwa dakika, injini hii inalipua mara 150 kila sekunde, na mngurumo huo hujaa kwenye kabini. Niliwahi kusafiri saa mbili na 240Z isiyo na sailensa ya katikati. Niliposhuka nilikuwa bado napaza sauti, na mwenzangu yuko hatua moja mbele yangu. Weka sailensa mbili, ya kati na ya nyuma. Mlio mzuri utabaki, utausikia ukikanyaga mafuta.

Jambo ninalokuomba usilipuuze ni moshi kuingia ndani. Gari hili likienda, hewa ya nyuma huzunguka na kurudisha moshi kupitia mlango wa nyuma. Chukua kipande cha gazeti, ufungie mlango juu yake, kisha ukivute. Kikitoka bila kushikwa, raba imekufa. Zunguka mlango mzima hivyo, badilisha raba, na mdomo wa ekzosi utokeze nje ya bampa. Moshi huo una sumu isiyo na harufu. Abiria wako ataumwa kichwa na kusinzia, nawe utadhani ni uchovu wa safari.

Ukishafunga, washa mpaka injini ipate moto, iache ipoe kabisa, halafu kaza nati za manifoldi upya. Baada ya siku chache fungua plagi: zikiwa nyeupe, kabureta zirekebishwe ziongeze petroli. Na manifoldi ya zamani, kama umeitoa, usiiuze kwa chuma chakavu. Ipake oili, ifunge kwenye gunia, uihifadhi.